Simu ya mgeni mwalikwa imeniaibisha kwenye sendofu: niuze kamera au tatizo ni mimi?

#1 Chuma cha Nkuhungu
Habari za jioni wakuu.

Niko Dodoma, napiga picha mwaka wa tisa sasa. Nilianzia Nyerere Square, zile za "njoo nikupige moja ya kumbukumbu", juani kutwa nzima, nikapanda taratibu hadi sendofu, ubarikio na mahafali ya UDOM. Kamera yangu ni DSLR ya daraja la mwanzo, ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, na lenzi ni ileile ya kuvuta ya milimita 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Imenilisha na imenijengea chumba na sebule, sina ugomvi nayo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na sendofu ukumbi mmoja Area D. Nimepiga picha mia nne na ushee. Jumapili asubuhi, kadi hata sijaitoa kwenye kamera, shangazi wa binti ananitumia picha tatu alizopiga mgeni mmoja wa meza ya nyuma kabisa, kwa simu. Chini kaandika: "Kaka, zako zitakuwa nzuri kuliko hizi?"

Wakuu, nilikaa chini. Nikafungua za kwangu kwenye laptopu. Gauni limeungua jeupe kama karatasi, uso wa binti giza, na nyingine zina mistari myeusi imekatiza ukuta mzima kama pazia la mistari. Za yule mgeni uso unaonekana, gauni lina nakshi zake zote, hata taa za nyuma zimetulia.

Niuze kamera ninunue simu ya maana, au kuna mahali nimekosea? Semeni ukweli tu, huruma sitaki.

#2 Nusu Kilo
Nakaa hapa nasubiri wataalamu. Ila lile swali la shangazi ni kombora.

#3 Bwana Bei
Uza mkuu, tena mapema. Zama zimebadilika. Mteja anataka picha aweke stetasi usiku uleule, wewe unamwambia subiri wiki mbili nikusafishie. Nina laki nne na nusu hapa, njoo inboksi.

#4 Fundi Mwanga
Mkuu #1, kabla #3 hajakulia kamera yako kwa bei ya redio, tupe mipangilio uliyotumia. Shata ngapi (muda wa kuingiza mwanga), tundu la lenzi ngapi (ile namba ya f, ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ISO ngapi (wepesi wa kuhisi mwanga), flashi ulikuwa nayo?

#5 Chuma cha Nkuhungu
Shata 1/320 kwa sababu walikuwa wanacheza. Tundu f/5.6. ISO 3200. Flashi ninayo ila jamaa wa video alilalamika inamharibia, nikazima. Napiga JPEG, yale mafaili madogo yaliyobanwa, kadi yangu ndogo.

#6 Fundi Mwanga
Asante. Sasa sikiliza hesabu, maana watu wengi wanadhani simu inashinda kwa uchawi.

Kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, cha DSLR za Canon za daraja lako kina kama milimita 22 kwa 15. Cha simu nzuri ya sasa, ile kamera yake kuu, ni kama milimita 10 kwa 7. Kwa eneo, chako ni kikubwa karibu mara tano. Ungetegemea ushinde, sivyo?

Lakini simu inapigia f/1.8 au karibu na hapo. Wewe ulivuta lenzi hadi 55, na ile lenzi ukifika hapo haifunguki zaidi ya f/5.6. Mwanga unaopita f/5.6 ni karibu moja ya kumi ya unaopita f/1.8. Kwa hiyo una bakuli kubwa mara tano, ila bomba lako linatoa maji mara kumi pungufu. Simu ya mgeni ilikuwa inakunywa mwanga karibu mara mbili ya kamera yako, na hapo bado haijaanza ujanja wake wa kompyuta.

Ulichokosea ni lenzi, kamera haina kosa. Tafuta lenzi ya 50mm f/1.8, ile isiyovuta, ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Ukiwa nayo hapo ndipo ile mara tano yako inarudi.

#7 Nusu Kilo
Bakuli na bomba. Leo nimeelewa kitu ambacho kwenye video nimekisikia mara ishirini.

#8 Kipara Msomi
#6 uko sahihi kwenye mwanga ila umeruka jambo kubwa. Gauni lake limeungua NA uso umekuwa giza kwenye picha moja. Hiyo siyo shida ya mwanga kidogo, hiyo ni tofauti ya mwanga ndani ya fremu. Taa ya jukwaani imempiga binti kwa juu, gauni jeupe linarudisha karibu mwanga wote, uso uko kivulini chini ya kilemba. Hata ungekuwa na lenzi ya milioni kumi, kwa JPEG ya picha moja ungechagua kimoja, gauni au uso.

Simu haipigi picha moja. Ukibonyeza mara moja yenyewe inachukua kadhaa, nyingine za giza kulinda gauni, nyingine inazinyanyua kutoa uso, kisha inazipanga juu ya kila moja na kuchagua kipande kipi kitoke wapi. Yule mgeni hakupiga picha, alipigiwa.

Dawa kwa mwenye kamera ni RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalipika. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Unapiga kwa kulilinda gauni, uso unaunyanyua baadaye kwenye laptopu. Kadi ndogo siyo sababu mkuu, kadi inanunulika.

#9 Dogo wa Chimwaga
Na ile mistari myeusi je? Mbona hakuna anayeigusa?

#10 Kipara Msomi
Taa za LED. Umeme wetu ni 50 Hz, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Ukipiga 1/320 unakata kipande cha mpepeso tu, sehemu ya picha inapata mwanga na sehemu inakosa. Simu inajua hilo, ndani ya nyumba yenyewe inashuka 1/100 au 1/50. Weka 1/100, mistari itaondoka.

#11 Fundi Mwanga
Hapo #10 usimdanganye mwenzako kwamba itaondoka daima. Taa za DJ zile zinazopunguzwa na kuongezwa mwanga zina mpepeso wake mwenyewe, haufuati 50 Hz. Na kama ukumbi uko kwenye jenereta inayokohoa, hata hiyo 50 yenyewe sina uhakika nayo. Piga moja, angalia kioo, badilisha.

#12 Bwana Bei
Laki tano basi.

#13 Mama Zabibu
Mbukwenyi. Mimi ni mfanyabiashara tu, nauza zabibu na mvinyo wa nyumbani, picha zote za biashara napiga kwa simu na wateja wa Dar wananunua bila kuniona. Niseme ninachojua.

Kwanza, futa kioo cha kamera ya simu. Sitanii. Simu inakaa kwenye mkoba na chipsi, halafu mtu anashangaa picha ina ukungu. Nusu ya wanaolalamika simu zao mbovu wana mafuta ya vidole tu.

Pili, zabibu ukizisogelea sana simu inakudanganya. Kamera kuu haiwezi kukaza fokasi karibu hivyo, kwa hiyo simu inahamia kimyakimya kwenye ile kamera nyingine ndogo ya pembe pana. Utaona picha inaruka kidogo kwenye kioo. Hapo ubora umeshashuka. Mimi narudi nyuma hatua moja, nabonyeza ile alama ya 2x, ndiyo napiga.

Tatu, naweka kidole juu ya zabibu kwenye kioo nakishikilia hadi ijifunge, halafu nateremsha mwanga kidogo. Simu inapenda kuangaza kila kitu, zabibu nyekundu inakuwa ya pinki kama pipi. Nikiteremsha, lile vumbi jeupe la kwenye ganda linaonekana, na mteja anajua zimechumwa leo.

Mlango wa nyuma, saa tatu asubuhi, pazia jepesi. Hiyo ndiyo studio yangu.

#14 Chuma cha Nkuhungu
Dada #13, asante. Kile cha kuhamia kamera nyingine sikuwa nakijua kabisa.

#15 Mzee wa Mkanda
Vijana mnanichekesha. Mimi nimepiga harusi hapa Dodoma wakati wa mkanda. Picha 36 kwa mkanda mmoja. Harusi nzima mikanda mitatu, ukijitahidi minne. Hakuna kioo cha kuangalia. Unapeleka kusafisha, unakaa wiki na roho mkononi. Mkanda wa ISO 200 ndani ya ukumbi, kwa hiyo flashi ilikuwa lazima, na hakuna jamaa wa video wa kukukataza.

Nyie mnapiga mia nne mnalia. Tatizo la #1 siyo lenzi wala RAW. Aliacha kutazama. Ukijua una 36, unamsubiri binti ageuze uso kwenye taa.

#16 Dogo wa Chimwaga
Shikamoo mzee. Ila na nyie picha zenu macho mekundu wote kama mmetoka kilabuni.

#17 Mzee wa Mkanda
Marahaba. Na nusu kweli walikuwa wametoka kilabuni.

#18 Vumbi Tupu
Naongeza la Dodoma maana #6 na #8 wanaongea kama wako Ulaya. Mimi nilikuwa na kamera na lenzi mbili. Mwezi wa nane, upepo wa hapa mnaujua, nikabadilisha lenzi nje kule mnada wa Msalato nikipiga picha za ng'ombe na nyama choma. Sekunde kumi tu. Tangu siku ile anga langu lina madoa matatu, kila picha, palepale. Ukifungua tundu hayaonekani, ukibana hadi f/16 yanatoka kama nzi kwenye maziwa. Nikapuliza kwa mdomo. Likaongezeka la nne, la mate.

Simu haina cha kufunguliwa. Kwa vumbi letu hiyo ni pointi.

#19 Fundi Mwanga
#18, usipulize kwa mdomo tena maisha yako yote. Kuna kipulizio cha mpira, kama kile cha kusafishia masikio ya mtoto. Na unapobadilisha lenzi, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, geukia upepo mgongo, au ingia ndani ya gari.

#20 Vumbi Tupu
Gari ningekuwa nalo ningekuwa mnadani kupiga picha za ng'ombe?

#21 Mjukuu wa Mvumi
Mimi nina kisa kinachonifanya nisiiamini simu kabisa. Bibi yangu yuko Mvumi, ana alama ya duara kwenye paji la uso, ile ya Wagogo wa zamani. Pasaka nikampiga picha kwa simu mpya, kivulini chini ya mbuyu, mwanga safi. Nikampelekea imechapishwa. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikaangalia vizuri. Simu imemlainisha. Mikunjo imekwenda, ngozi imekuwa nyepesi kama kafuliwa, na ile alama imebaki kivuli tu, ukijua ilipo ndiyo unaiona. Sikuwa nimewasha urembo wowote, ulikuja umewashwa.

Nilirudi na kamera ya kuazima ya zamani, megapikseli 12 tu. Alama ipo, mvi za nyusi zinahesabika. Hiyo ndiyo iko ukutani kwake.

#22 Mama Zabibu
#21 umenigusa. Ila urembo unazimika. Fungua kamera, angalia alama ya uso au fimbo ya nyota, teremsha hadi sifuri. Kwenye simu nyingine ukizima kwenye picha wima (portrait) unakuwa bado haujazima kwenye selfi, ni mbili tofauti.

#23 Kipara Msomi
Kuna kitu hapa cha ndani zaidi. Kamera zote, simu na DSLR, kipimo chake cha mwanga kinadhani dunia ni kijivu cha wastani, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ukijaza fremu uso mweusi, inaangaza kupita kiasi, unakuwa kahawia la chai ya maziwa. Ukijaza gauni jeupe, inatia giza. Watengenezaji wa simu wamelishtukia hili miaka ya karibuni, Google walikuja na Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021 kwa ajili ya ngozi nyeusi. Kwa DSLR unalirekebisha mwenyewe: uso mweusi peke yake, teremsha kidogo. Gauni likitawala, panda.

#24 Dogo wa Chimwaga
Kwa hiyo gauni lilitakiwa liwe giza, mbona la #1 limeungua?

#25 Kipara Msomi
Swali zuri. Huenda kipimo kilisoma ukuta mweusi wa nyuma.

#26 Fundi Mwanga
Au alikuwa anapima katikati tu na katikati palikuwa na suti ya baba.

#27 Mzee wa Mkanda
Au hakutazama.

#28 Nusu Kilo
😂😂 Mzee hajaachia.

#29 Bwana Bei
Ila jamani tuwe wakweli, Nokia ndiyo walileta simu ya kwanza yenye kamera, ile 7650, na tangu siku ile kamera zilianza kufa. Ni muda tu.

#30 Kipara Msomi
Hapana. 7650 ilifika sokoni 2002. Wajapani walishatangulia, Sharp J-SH04 ilitoka mwaka 2000.

#31 Dogo wa Chimwaga
Na kabla yake Kyocera VP-210, Japani hukohuko, 1999. Nimekushika mtaalamu.

#32 Kipara Msomi
Nimekubali. Basi nimalizie na hili: kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa Kodak na Steven Sasson mwaka 1975. Pikseli 10,000, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti.

#33 Nusu Kilo
Sekunde 23 kwa picha. Shangazi angeshaondoka na maharusi.

#34 Mwalimu wa Zamu
Nichangie kidogo. Mwaka jana tulipeleka wanafunzi Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani, ile iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Michoro iko chini ya jabali, kivulini, na nje jua linachoma. Mwenzangu ana kamera kubwa, mimi simu. Kila alichopiga, ama bonde limekuwa jeupe ama mwamba umekuwa mweusi. Simu yangu ikatoa vyote viwili.

Lakini tuliporudi nikataka kuonyesha darasani ule mchoro mwekundu wa watu wembamba wenye vichwa vikubwa. Nikavuta kwenye kioo kikubwa. Kwangu mistari imekuwa kama rangi ya maji iliyomwagika. Kwake, akishaunyanyua ule weusi, unaona hadi pale mwamba ulipobanduka ukaondoka na mguu wa mtu.

Kwa hiyo sijui nani alishinda.

#35 Mama Zabibu
Mliovuta kwa vidole kabla ya kupiga, kama simu haina kamera ya kuvutia, mjue mnakata tu picha, hamvuti chochote. Afadhali utembee.

#36 Dogo wa Chimwaga
Na zile megapikseli 108 za kwenye tangazo?

#37 Fundi Mwanga
Simu inaunganisha pikseli tisa kuwa moja, unapewa picha ya 12. Ya 50 inaunganisha nne, unapata 12 na nusu. Na inatosha. Karatasi ya A4 ikichapwa vizuri inahitaji kama megapikseli 8.7 tu.

#38 Vumbi Tupu
Halafu unaituma kwa WhatsApp inafika imekonda.

#39 Mama Zabibu
Tuma kama faili, ile alama ya klipu halafu hati. Au bonyeza HD, ipo tangu 2023, ila hata hiyo inapunguza. Faili ndiyo inafika kama ilivyo.

#40 Chuma cha Nkuhungu
Wakuu, NIMERUDI na majibu, samahani kwa kimya cha siku kumi.

Nimeazima 50mm f/1.8 ya jirani. Nimepata ubarikio Kisasa, ukumbi wenye taa zilezile za rangi. Nimeweka 1/100, f/2, ISO 1600, RAW kama #8 alivyosema. Na simu ya mdogo wangu nikaibeba mfukoni, kila tukio napiga kwa zote mbili.

Mistari imekwisha. Nyuso zimetoka. Nimefurahi hadi nimesahau kula.

Lakini. Ile 50 kwenye kihisi cha kamera yangu inabana fremu kama lenzi ya 80 kwenye kamera za kihisi kikubwa, sikuambiwa. Kupiga familia ya watu sita nilirudi nyuma, nikarudi nyuma, nikajikuta nimekalia meza ya mchungaji. Ikabidi hiyo nipige kwa simu. Kwenye simu waliokaa pembeni wamevutika vichwa kama maembe, ila wote wamo. Na kwa f/2 safu ya watu wanne, wawili wakali, wawili wamefifia, na mmoja wa waliofifia ndiye mlipaji.

Walipoanza kucheza, simu ikampa mama mmoja mikono minne. Ile ya kupanga picha juu ya picha, mtu akisogea inachanganyikiwa. Kamera ilimkamata vitenge viko hewani.

Nikachapisha mbili za tukio moja, A4, nikawapa wenye shughuli bila kuwaambia ipi ni ipi. Mama kachagua ya simu, kasema ina rangi za sherehe. Baba kachagua ya kamera, kasema "hapa ndiyo mwanangu mwenyewe". Wamebishana mbele yangu, nikaondoka na soda.

#41 Mzee wa Mkanda
Ulipiga ngapi?

#42 Chuma cha Nkuhungu
Shikamoo mzee. Mia na sitini.

#43 Mzee wa Mkanda
Marahaba. Umeanza kutazama.

#44 Fundi Mwanga
Hongera mkuu. Kwa familia tumia 18-55 yako kwenye 18, na flashi igeuze ipige darini, usimwelekezee mtu usoni. Watu wakiwa safu, bana hadi f/4.

#45 Kipara Msomi
Bado nasema ni RAW iliyokuokoa, siyo lenzi.

#46 Fundi Mwanga
Ondoa lenzi uone hiyo RAW itaokoa nini.

#47 Dogo wa Chimwaga
Mimi swali langu la pembeni: Nyerere Square saa saba mchana kwa nini wote tunatoka na macho kama mashimo?

#48 Vumbi Tupu
Jua liko utosini dogo. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba linapita juu ya kichwa kabisa, nyusi zinatupa kivuli machoni. Hapo simu na kamera zote kazi bure. Sogea chini ya mti, au njoo saa kumi na moja jioni. Bahati yetu, jua la hapa linazama kama robo saa baada ya Dar.

#49 Chuma cha Nkuhungu
Na pale Square mvute mtu asimame karibu na sakafu ya rangi nyepesi, inarudisha mwanga kidevuni. Miaka tisa hiyo ndiyo siri yangu, leo nimeitoa bure.

#50 Nusu Kilo
Mkuu, shangazi ulimjibu nini mwishowe?

#51 Chuma cha Nkuhungu
Nilimwambia anitumie namba ya yule mgeni wa meza ya nyuma. Jumamosi ijayo nina harusi Ipagala, nimemchukua msaidizi. Anakuja na simu yake.

#52 Bwana Bei
Kwa hiyo kamera huuzi? Laki tano na ishirini, na nakuja mwenyewe Nkuhungu.